Saa ya Mapumziko ya Mhudumu wa Duka Inapogeuka Kuwa Saa ya Kazi

Miongoni mwa maswali ninayoletewa na wahudumu wa maduka ya Ngamiani na katikati ya jiji la Tanga, lipo moja linalonigusa zaidi kwa kuwa anayeuliza huwa amekwisha kupewa jibu lisilo sahihi: je, mtu anayekula nyuma ya kaunta huku akiendelea kuhudumia wateja amepumzika? Kama mshauri wa masuala ya ajira, jibu langu ni kwamba hajapumzika, na malipo ya saa hiyo anayadai.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Mwajiri halazimiki kuyalipia, na waajiri wengi huishia kusoma hapo. Kifungu hicho hicho kinaendelea kueleza kwamba malipo ni lazima ikiwa mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi, au kukaa tayari kwa kazi, katika muda huo. Tena kumtaka hivyo kunaruhusiwa tu pale ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine.

Tuchukue duka la vitenge lenye muuzaji mmoja. Saa saba mchana mama lishe anamletea wali na maharage, naye anaiweka sahani kwenye rafu ya chini. Anakula vijiko viwili, anaingia mteja anayetaka kushushiwa doti tatu za juu kabisa, anafuta mikono, anapanda kigoda, anarudi kwenye chakula kilichopoa, kisha anaitwa tena. Daftari la zamu litaandikwa kwamba alipumzika kuanzia saa 7 hadi saa 8.

Hesabu yake si ndogo. Akiingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, siku sita kwa wiki, na mapumziko yakiwa ya kweli, anafanya kazi saa 54. Kwa kuwa saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa 9 ni za ziada na zinalipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mapumziko yakiwa ya daftarini tu, anafanya saa 60, na katika wiki nne saa za ziada zinafika 60 ilhali kikomo cha sheria ni 50. Kwa hiyo saa moja ya mchana inatosha kumtoa mwajiri nje ya sheria, hata kama anaamini kwamba zamu zake zimepangwa vizuri.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Anayeingia saa 8 mchana na kufunga saa 3 usiku anaweza kupewa mapumziko jioni, wakati wa kufuturu, kabla saa 5 hazijapita. Sheria haizuii hilo, na kwa maoni yangu kumwacha mtu aliyefunga akifuturu kwa kokwa ya tende huku akihesabu chenji ni kumdhalilisha. Hata hivyo, mhudumu huyo asipangiwe kufungua duka saa 1 asubuhi inayofuata, kwa maana zitakuwa zimepita saa 10 tu, na sheria inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mama anayenyonyesha ana haki yake ya pekee, ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Mhudumu anayenyimwa haya ninamshauri aandike mwenyewe, kila siku, saa aliyoingia, saa aliyopumzika kweli na saa aliyotoka, kisha azungumze na mwajiri akiwa na maandishi hayo mkononi. Wasipoelewana, anaweza kwenda kwa ofisa kazi au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupokelewa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.