Eti IAEA ndo wanatoa leseni? Uongo na ukweli kuhusu kuzika taka za mionzi

Ikitajwa tu habari ya kuzika taka za mionzi lazima atokee mtu aseme hao IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki) ndo wanaopitisha, wakishagonga muhuri wao basi imeisha. Hapana. IAEA hawampi mtu yeyote leseni ya kuzika taka. Wao wanaandika viwango (kile cha kuzika taka kinaitwa SSR-5, kilitoka 2011), wanatuma wataalamu kukagua kama nchi imewaalika, halafu kuna Mkataba wa Pamoja, ule wa usalama wa fueli iliyotumika na taka za mionzi, ulioanza kutumika 2001 ambao nchi zilizosaini zinakutana kila baada ya miaka mitatu na kuulizana maswali kuhusu ripoti zao. Leseni inatoka kwa mdhibiti wa nchi yenyewe, yaani mamlaka inayosimamia usalama wa nyuklia, na huyo mdhibiti hatakiwi kuwa ndo huyohuyo anayezalisha taka au anayezizika, maana atakuwa anajisahihishia mtihani wake.

Na kitu ambacho wengi hawakijui, kazi ya kuthibitisha kwamba shimo ni salama sio ya mdhibiti. Ni ya anayeomba. Yeye ndo anabeba mzigo wa kuleta hoja nzima ya usalama, mwamba ukoje, maji ya chini yanatembeaje, kontena litadumu muda gani, watu wakija kuchimba kisima juu yake itakuwaje, na mdhibiti kazi yake kutafuta matundu kwenye hiyo hoja.

Halafu kuna wanaodhani leseni ni moja, ukiipata unachimba, unazika, unafunga, unaondoka. Angalia Finland wanaojenga Onkalo, mita kama 400 na kitu chini ya ardhi, kwa ajili ya fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Bunge lao liliridhia 2001, kibali cha kujenga kikatoka Novemba 2015, ombi la kuanza kuendesha likapelekwa mwisho wa 2021. Miaka 20 hiyo, na mpaka wakati huo hata kontena moja la fueli hiyo lilikuwa halijazikwa! Na kabla ya yote hayo manispaa ya Eurajoki, ambako shimo lenyewe liko, ilikuwa na haki kisheria ya kusema hatutaki na mambo yakaishia hapo. Walikubali. Sweden nao waliomba 2011, serikali ikasema ndio Januari 2022, na katikati hapo mahakama ya mazingira iliwarudisha nyuma 2018 kwa sababu ya wasiwasi wa kontena za shaba kuliwa na kutu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "wameshaomba leseni" usichukulie kwamba wameshapata. Ombi la Yucca Mountain, mlima wa kule Nevada, Marekani, uliopangwa kuzikwa fueli iliyotumika, lilipelekwa 2008, kurasa zaidi ya 8,000, na leseni haijatoka mpaka leo.

Sasa hii ya kwamba salama maana yake mionzi sifuri. Hakuna kiwango kinachosema hivyo popote, kwa sababu mionzi ya asili peke yake inampa binadamu wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 2.4 kwa mwaka, kutoka kwenye mawe, hewa, anga, hata chakula. Kinachowekwa ni namba. Mtu wa kawaida asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli zote zinazodhibitiwa, na kwa shimo moja la taka inayopendekezwa kimataifa ni isizidi 0.3, maana mtu huyohuyo anaweza kuwa anafikiwa na vyanzo vingine pia. Ugomvi wenyewe uko kwenye muda. Yucca Mountain waliwekewa kwanza kipindi cha miaka 10,000, mahakama ikakikataa 2004 kwa kuwa wanasayansi walishashauri kuangalia mbali zaidi pale ambapo dozi inafika kileleni, na 2008 kikatoka kiwango kinachokwenda mpaka miaka milioni moja. Hapo usitegemee mtu apime kwa kifaa, ni mahesabu tu na kubishana juu ya mahesabu.

Wengine wanaona taka zote za mionzi ni kitu kimoja na zote zinadumu milele. Teknishiamu-99m inayotumika hospitalini inapungua nusu kila saa 6, taka zake unazifungia chumbani siku chache, unapima, na ukiwa na ruhusa unazitupa kama taka nyingine. Plutoniamu-239 inachukua miaka kama 24,100 kupungua nusu tu. Ndo maana kuna madaraja, na kila daraja na shimo lake. Ila usidharau kitu kwa sababu ni kidogo au kwa sababu hakikutoka kwenye kinu cha umeme: Goiânia, Brazil, 1987, chanzo cha sesiamu cha mashine ya tiba kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kiliokotwa na kufumuliwa, watu 4 wakafa na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Na hii ndo kubwa: eti leseni ikishatoka shimo ni salama. WIPP, shimo la kuzikia taka za mionzi kule New Mexico, Marekani, iko kwenye tabaka la chumvi zaidi ya mita 600 chini, inapokea taka tangu 1999, na usiku wa 14 Februari 2014 pipa moja lilifumuka kifuniko huko chini. Chumvi ya pale haikuwa na kosa lolote. Pipa lilikuwa limefungashwa Los Alamos, kwenye maabara ya silaha za nyuklia, lina chumvi za naitreti, na ili kunyonya maji wakatumia mchanga wa choo cha paka, lakini ule wa asili ya mimea badala ya ule wa udongo. Naitreti na vitu vya mimea vikikaa pamoja vinapata moto vyenyewe, joto likapanda, kifuniko kikaruka, na mionzi kidogo ikapenya mpaka nje. Taka hazikuzikwa tena hapo mpaka Januari 2017. Kwa hiyo masharti ya nini kinaruhusiwa kuingia kwenye pipa, yale yanayoonekana ya kuchosha, ni sehemu ya usalama sawasawa na jiolojia.

La mwisho, eti kutakuwa na walinzi daima. Kanuni ya Marekani ya taka za kiwango cha chini inakataza kabisa kutegemea ulinzi wa taasisi zaidi ya miaka 100 baada ya shimo kufungwa na eneo kukabidhiwa kwa mmiliki wake. Kuanzia hapo unahesabu kwamba hakuna anayeangalia, na zile kali zaidi kwenye kundi hilo lazima ziwe angalau mita 5 chini, au ziwe na kizuizi cha kuwazuia wachimbaji wasiojua kwa miaka 500.