Je, wajua kwa nini Marekani baraza la mbao nyuma ya nyumba huombewa kibali?

Aliyenunua nyumba Minneapolis au Chicago, joto likianza tu hutamani baraza la mbao kule uani: jukwaa juu ya nguzo, lenye ngazi na nafasi ya jiko la kuchomea nyama. Kiwanja ni chake, mbao kanunua kwa pesa zake. Jiji linamdai kibali cha nini?

Si kila baraza linadaiwa. Miji mingi ya huko hufuata kanuni moja ya mfano ya ujenzi wa nyumba za kuishi, kisha kila mji ukaongeza masharti yake. Kwa kanuni hiyo, husamehewa baraza lisilozidi futi 200 za mraba, lisiloinuka zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini, lisiloshikana na nyumba, na lisilohudumia mlango rasmi wa kutokea. Likikosa moja tu kati ya hayo, kibali ni lazima. Wengi hunasa kwenye hilo la kushikana na nyumba, na hapo pana sababu nzito.

Upande mmoja wa baraza hukaa juu ya nguzo. Wa pili hutegemea ubao mrefu uliofungwa ukutani, nao hubeba karibu nusu ya mzigo. Fundi akiupigilia misumari tu, siku ya kwanza utaonekana imara. Lakini msumari ukivutwa kwa nje huchomoka. Maji ya mvua na theluji nayo yakipenya nyuma ya ubao, mbao za ukuta huoza bila mtu kuona. Ndiyo maana wakaguzi hutaka bolti au skrubu nene, na bati jembamba la kurudisha maji nje. Sakafu yenyewe hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 195 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu wageni hupenda kurundikana pembe moja.

Chicago wanaijua hesabu hiyo kwa uchungu. Tarehe 29 Juni 2003, mabaraza ya mbao ya jengo moja la ghorofa mtaa wa Lincoln Park yaliporomoka watu wakiwa kwenye sherehe. 13 walikufa na zaidi ya 50 waliumia. Jiji lilidai yalijengwa bila kibali na kupita ukubwa unaoruhusiwa.

Halafu kuna baridi, jambo ambalo fundi aliyejifunzia kazi Tanga au Mombasa hana sababu ya kulijua. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka na kuinua nguzo ya msingi mfupi, na baraza zima likapinda. Kusini mwa Minnesota, jimbo lenye mji wa Minneapolis, msingi hushuka inchi 42, kaskazini 60. Mkaguzi huja kupima shimo likiwa wazi. Ukishamwaga zege kabla hajafika, anaweza kukuamuru ufukue.

Kuomba kwenyewe si kugumu: mchoro wa kiwanja unaoonyesha umbali hadi mpakani, mchoro wa nguzo na boriti, na ada. Kabla ya kuchimba piga simu namba 811, wenye mitandao ya chini ya ardhi waje kuweka alama mabomba ya gesi na nyaya zinapopita. Na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, ruhusa yao huombwa kando. Kibali cha jiji hakiwafungi.