Nishati inayokosekana si maada ya giza

Nimesikia tena, safari hii kwenye redio ya daladala ya Mbagala: eti wanasayansi wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, "wamenasa maada ya giza". Hawajanasa. Na hata siku wakifanikiwa, hawataweza kulisema hivyo.

Maada ya giza haitoi mwanga wala hainyonyi. Tunaijua kwa mvuto wake tu, na inakadiriwa kuwa kama asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni. Hilo linatosha.

Kwenye mtambo wa LHC, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni, chembe za kiini cha atomu, huzungushwa katika njia ya kilomita 27 na kugonganishwa uso kwa uso. Chembe ya maada ya giza ikizaliwa hapo itapenya ATLAS au CMS, vifaa vinavyorekodi migongano, bila kuacha alama. Kinachosomeka ni upungufu. Kabla ya kugongana protoni hazielekei pembeni, kwa hiyo misukumo ya pembeni baada ya mgongano lazima ifutane. Fungu la chembe likichomoka kushoto na kulia pakawa patupu, huo upungufu ndio huitwa nishati inayokosekana. Hakuna nishati iliyoyeyuka. Tena hupimwa kwa pembeni tu, maana mabaki mengine ya protoni hupotelea ndani ya bomba zinamopita protoni bila kupimwa.

Sasa, konda akikuta fedha za jioni hazilingani na idadi ya abiria, hapigi kelele za mwizi. Kwanza anawatoa wanafunzi, ambao nauli yao ni ndogo. Wanafunzi wa LHC ni nyutrino, chembe za kawaida ambazo nazo vifaa havizioni. Chembe iitwayo Z, inayozaliwa kwenye migongano hiyo, huvunjika kuwa jozi ya nyutrino takriban mara 20 katika kila 100, nazo hupita bila kuaga. Mwaka 1984 kundi la UA1, hapohapo CERN, lilitangaza matukio ya namna hii, watu wakachangamka. Hesabu zilipofanywa vizuri, michakato ya kawaida ilitosha kuyaeleza.

Tuseme upungufu umebaki hata baada ya makato yote. Kifaa kinajua tu kwamba kitu kisichoonekana kilidumu hadi kikatoka nje, safari ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Maada ya giza imedumu miaka bilioni 13 na ushee. Kati ya hayo mawili pana pengo ambalo mgongano wenyewe hauwezi kuliziba. Ndiyo maana kuna vifaa vya xenoni, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, chini ya ardhi, kama XENONnT huko Gran Sasso, Italia, vinavyoisubiri ile inayotoka angani. Navyo bado havijaipata.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukipenda sema "wanatafuta chembe isiyoonekana ambayo huenda ikawa maada ya giza". Ni refu kidogo, lakini taarifa ya saa mbili usiku ina nafasi.