Kikanisa cha Hospitali: Altare Mbele ya Vitanda vya Maskini

Neno hospitali tumelizoea mno, hata hatuulizi lilitoka wapi. Asili yake ni Kilatini, hospes, neno moja lenye pande mbili: mgeni anayebisha hodi, na mwenyeji anayemwambia karibu. Katika Ulaya ya Zama za Kati, tuseme kuanzia karne ya 11 hadi ya 15, hospitali ilikuwa nyumba ya wageni wa namna hiyo. Walipokelewa hujaji aliyechoka njiani, mzee asiye na mtoto wa kumtunza, yatima, na mgonjwa asiye na pa kulala. Mwenye mali kwa kawaida aliugulia kwake, tabibu akamfuata huko huko. Kwa hiyo hati ya wakati huo inapotaja hospitali, mara nyingi inataja nyumba ya maskini.

Ndani ya nyumba hiyo palikuwa na kikanisa, ambacho wengine hukiita kapela. Leo tukisikia "kikanisa cha hospitali" tunawaza chumba kidogo kando ya korido, mahali ndugu wa mgonjwa huingia kusali wakisubiri habari kutoka chumba cha upasuaji. Maana ya zamani ilikuwa pana zaidi. Kikanisa ndicho kilichokuwa moyo wa nyumba, na vitanda vilipangwa kwa kukifuata.

Hata jina kapela lina maskini ndani yake. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 4 askari wa Kirumi aitwaye Martino alimkuta ombaomba akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, katika Ufaransa ya leo. Fedha hakuwa nayo. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, kimoja akampa yule maskini. Baadaye Martino akawa askofu wa Tours, na wafalme wa Wafranki wakalitunza joho hilo kama masalia matakatifu. Joho dogo kwa Kilatini ni cappella. Mahali lilipohifadhiwa pakaitwa kwa jina hilo hilo, na padre aliyelilinda akaitwa cappellanus. Makapelani wa hospitali na wa majeshi tunaowafahamu leo wamerithi cheo hicho.

Ukitaka kuielewa dhana hii kwa macho, nenda Beaune, mji wa Burgundy nchini Ufaransa. Tarehe 4 Agosti 1443 Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Burgundy, alianzisha hospitali huko pamoja na mkewe Guigone de Salins. Nchi ilikuwa imechakazwa na Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa. Magenge ya askari wasio na mshahara yalikuwa yamepora vijiji, na njaa ilikuwa imefuata nyuma yao. Katika hati yake Rolin alieleza nia yake bila kuficha: alitaka kubadilisha mali ya dunia hii kwa mali ya mbinguni, na aliagiza mkate mweupe ugawiwe maskini kila siku mlangoni pa hospitali.

Ukumbi mkuu unaitwa Salle des Pôvres, Ukumbi wa Maskini. Urefu wake ni karibu mita 50, upana mita 14, na dari lake la mbao limepindwa kama jahazi lililopinduliwa. Vitanda vimepangwa safu mbili, kushoto na kulia, kila kimoja na pazia lake jekundu. Wagonjwa wawili waliweza kulazwa kitanda kimoja, jambo la kawaida kabisa wakati huo. Chini ya jengo unapita mto mdogo wa Bouzaise, na uchafu wa wodi uliishia humo. Kisha, mwisho wa ukumbi, pana kiambaza cha mbao chenye nafasi za kuonea, na ng'ambo yake ndipo kilipo kikanisa. Huhitaji kutoka nje ili kukifikia. Ukumbi na altare, yaani madhabahu, vimefunikwa na paa moja, na Misa iliposomwa, asiyeweza kuinuka aliisikia akiwa amelala.

Mpangilio wa tarehe nao una maneno yake. Kikanisa kiliwekwa wakfu tarehe 31 Desemba 1451. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa kesho yake, 1 Januari 1452.

Juu ya altare hiyo Rolin aliweka mchoro wa Hukumu ya Mwisho uliochorwa na Rogier van der Weyden, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ile. Ni mchoro wa mbao wenye mabawa yanayofungwa na kufunguliwa, na ukifunguliwa upana wake unapita mita 5. Siku za kawaida ulifungwa. Wagonjwa waliona upande wa nje: Rolin na Guigone wamepiga magoti, na kati yao Mtakatifu Sebastiani, aliyeombwa wakati wa tauni, na Mtakatifu Antoni, aliyeombwa na waliopatwa na ule ugonjwa wa kuungua viungo uliotokana na ukungu wa nafaka. Watakatifu hao wawili walichaguliwa kwa ajili ya watu waliokuwa vitandani. Jumapili na sikukuu mabawa yalifunguliwa, na ghafla palijaa dhahabu na wekundu: Kristo juu ya upinde wa mvua, chini yake malaika mkuu Mikaeli ameshika mizani, wafu wakifufuka uchi kutoka ardhini.

Kuna anayeona ukatili hapo. Kwa nini kumwonyesha mtu anayekaribia kufa picha ya jehanamu? Nadhani tukifikiri hivyo tunasahau kwamba mgonjwa yule alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba atahukumiwa, na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa kufa peke yake kando ya barabara bila padre na bila kitubio. Hapa alikuwa kitandani, ameoshwa, na padre yuko hatua chache tu. Tena mchoraji hakuweka shetani hata mmoja wa kuwaburuta waliopotea. Wanaanguka wenyewe, kwa uzito wao.

Je, tiba ilikuwa wapi? Ilikuwapo, ila ilipangwa tofauti. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma mwaka 1215, uliwaagiza matabibu wanapoitwa kwa mgonjwa wamhimize kwanza amwite tabibu wa roho, kwa kuwa ugonjwa wa mwili waweza kutokana na dhambi. Kanuni ya ndugu wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane, waliowahudumia mahujaji Yerusalemu, ilisema mgonjwa akifika aungame kwanza na apokee Ekaristi, kisha achukuliwe kitandani na kulishwa kila siku kama bwana wa nyumba, kabla ndugu wenyewe hawajala. Kauli hiyo hunigusa kila nikiikumbuka. Maskini aliyeokotwa njiani aliitwa bwana, na waliomhudumia walijiita watumishi wake. Msingi wake ni Injili ya Mathayo, sura ya 25: nilikuwa mgeni mkanikaribisha, nilikuwa mgonjwa mkanitazama.

Hospitali nyingi hazikuwa na tabibu wa kudumu. Zilikuwa na chakula cha moto, shuka safi, moto wa kuota, mikono ya masista na sala. Kwa mtu aliyedhoofishwa na njaa na baridi, hivyo vitatu vya kwanza peke yake vilitosha kumrudisha kwenye miguu yake.

Wagonjwa wa ukoma walikuwa na habari yao. Kwa kuwa walizuiwa kuchangamana na watu kanisani, Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliamua kwamba wanapoishi pamoja wawe na kanisa lao, makaburi yao na padre wao. Kikanisa kwao kilikuwa haki iliyoandikwa.

Sasa tuje kwenye gharama, maana bila hizo dhana hii haieleweki. Mwanzilishi alitoa mashamba, vinu, nyumba za kupangisha, na mapato yake yakaihudumia hospitali daima. Msomaji wa pwani yetu atalitambua jambo hili mara moja: ni wakfu. Cairo, mnamo 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali, madrasa na kaburi lake mahali pamoja, na kuyaendesha yote kwa wakfu. Upande wa Wakristo, maskini walilipa kwa kitu walichokuwa nacho. Walimwombea mfadhili, akiwa hai na akiwa toharani, mahali roho inapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, na iliaminika kwamba dua ya maskini husikilizwa haraka. Mgonjwa hakuwa mpokeaji tu, basi. Alikuwa na kazi, na mahali pa kuifanyia kazi hiyo ni kikanisani. Beaune ilipewa shamba lake la kwanza la mizabibu mwaka 1457, na tangu 1859 divai ya mashamba ya hospitali hiyo inauzwa kwa mnada kila mwaka kwa faida ya wagonjwa.

Guigone alizikwa katika kikanisa hicho mwaka 1470, miaka minane baada ya mumewe, karibu na vitanda alivyovihudumia. Hospitali iliendelea kupokea wagonjwa mle hadi 1971. Mchoro wa Van der Weyden umehamishiwa chumba kingine cha jengo, na mbao za mabawa yake zilipasuliwa kwa unene ili pande zote mbili zionekane kwa wakati mmoja. Watazamaji wamefaidika. Lakini ile Jumapili ya kufunguliwa haipo tena.

Uingereza mambo yalikatika kwa ghafla zaidi. Mageuzi ya dini katika karne ya 16 yalipokataa toharani, sala kwa wafu zilipigwa marufuku, na vikanisa vingi vikapoteza sababu yake. The Great Hospital ya Norwich, iliyoanzishwa mwaka 1249 na Askofu Walter de Suffield, ilinusurika kwa kukabidhiwa mji. Sehemu za kanisa lake zilijengewa ghorofa ndani, zikawa wodi. Dari la patakatifu lilikuwa limechorwa tai weusi 252, na vikongwe wa kike wakalala chini ya tai hao, karibu kabisa nao, hadi karne ya 20.

Na hospitali ya St Mary's ya Chichester, huko huko Uingereza, bado inakaliwa. Ukumbi wake ni wa mwishoni mwa karne ya 13, na kikanisa kiko mwisho wa ukumbi, upande wa mashariki, kama Beaune. Katika karne ya 17 vilijengwa ndani ya ukumbi huo vijumba vya matofali, kila kimoja na mlango wake, mabomba ya moshi yakatokeza juu ya paa. Wazee wanaishi humo mpaka leo. Anayetaka kusali hufungua mlango wake, akapita katikati ya ukumbi, akafika altareni bila kulowa mvua.