Mauzo si mdomo: dhana zinazowakwamisha wanachuo wa Dar

Waulize wanachuo wa masoko na mauzo hapa Dar es Salaam ni kitu gani kinamfanya mtu auze, wengi watakujibu: mdomo. Mwenye maneno anauza, mpole akatafute kazi ya ofisini. Nasimamia vijana wanaouza dukani kwa duka, na kati ya dhana zote wanazotoka nazo chuoni, hii ndiyo inayowaumiza zaidi.

Twende duka la rejareja Manzese, saa nne asubuhi. Kijana aliyekariri sifa za sabuni yake anaingia, anasalimia, anaanza kuzimwaga. Mwenye duka anaitikia "sawa, sawa" huku akimpimia mteja sukari. Mwisho wa yote jibu ni "pita wiki ijayo". Mwenzake anaingia duka lilelile, anasubiri kwanza wateja wapungue. Macho yake yamekwisha kuona kwamba miche ya sabuni ya rafu ya juu imeshika vumbi, ila vipakiti vidogo vya sabuni ya unga vinakaribia kwisha.

"Shikamoo mama. Naona hivi vidogo vinatoka. Ile miche vipi?"

Mama anaanza kueleza mwenyewe: wateja wangu ni wapangaji, wananunua cha siku, mche wanauulizia mwisho wa mwezi. Hapo kijana ameshajua auze saizi gani, alete lini na kiasi gani, na hajasifia kitu. Kusikiliza, kuangalia rafu na kuuliza swali moja lililo sahihi hufundishika, na mwanachuo mpole mara nyingi huvishika haraka kuliko mropokaji.

"Hesabu ni za wahasibu"

Hapa ndipo wengi huanguka kwenye usaili. Mteja ambaye ni kampuni anakuuliza: bei yako ni 118,000 pamoja na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani; bila VAT ni ngapi? Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo wengi hukimbilia kutoa asilimia 18 ya 118,000 na kupata 96,760. Si kweli. Unagawanya kwa 1.18, unapata 100,000. Kwa bidhaa moja umeshampunguzia mteja 3,240 bila kujua. Kwa oda ya bidhaa mia, umempa mwajiri wako hasara ya 324,000 kabla hujaanza hata kupatana bei.

Kubwa kuliko hilo ni mali kauli, yaani kumwachia mwenye duka mzigo leo alipe baadaye. Mwanachuo anadhani mzigo ukishushwa dukani, mauzo yamekamilika. Chukua mzigo wa 500,000 ambao kampuni yako ilitumia 450,000 kuupata. Faida yako ni 50,000 tu. Mwenye duka akikimbia nao, utahitaji mauzo mengine ya 4,500,000 yenye faida hiyohiyo ya asilimia kumi ili kufidia mtaji uliopotea. Ndiyo maana msimamizi mwenye akili anakuuliza umekusanya kiasi gani kabla ya kukuuliza umeuza kiasi gani. Walimu wa mauzo, nawaomba: wafanyisheni hesabu hizi ubaoni, kwa shilingi, kila wiki, mpaka wazifanye kichwani wakiwa wamesimama juani.

"Cheti kitajitetea chenyewe"

Nenda mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukawaangalie mawinga, wale vijana wanaowavuta wateja na kuwauzia bidhaa za maduka ya watu. Wapo wasio na diploma wanaomsoma mteja kabla hajafungua pochi. Kama ni kuuza mkono kwa mkono tu, hao wamekuacha mbali. Cheti chako kina thamani pale kinapokupa wanachokosa wao: kuandika ripoti ya eneo lako, kuandaa ankara safi, kuelewa mkataba, kuandaa zabuni. Serikali sasa inanunua kupitia mfumo wa mtandaoni wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na muuzaji anayejua kuingiza zabuni humo bila nyaraka pungufu anatafutwa. Wanachuo wachache niliokutana nao wamewahi hata kuufungua.

Kuhusu ile imani kwamba mauzo ni kazi ya kujishikiza wakati unasubiri kazi yenyewe, nitasema moja tu: mwajiri anaihisi mapema, kwenye jibu lako la kwanza.

"Bila kujuana hupati"

Kujuana kupo, nisikudanganye. Lakini mauzo ni kazi ambayo ushahidi unaweza kuutengeneza ukiwa bado mwanafunzi. Maonesho ya Sabasaba pale barabara ya Kilwa hufanyika kila mwaka, na mabanda mengi huhitaji vijana wa kuhudumia wageni. Omba nafasi mapema. Ukiwa fildi, usikubali kumaliza wiki zote ukitoa kopi na kupanga mafaili; omba kutoka na gari la mauzo hata siku mbili. Weka daftari: duka, tarehe, alichonunua, alichokataa na sababu aliyotoa. Kijana akiniwekea mezani daftari la namna hiyo, nasahau kuuliza GPA yake. Nalifungua, namwambia anieleze duka lililomkataa, na usaili unageuka mazungumzo ya kazi.

"Kamisheni ni utapeli"

Wapo waajiri wanaowatumia vijana vibaya, na hilo linaniuma. Lakini kamisheni yenyewe ni malipo halali. Kinachohitajika ni kuuliza kabla ya kusaini. Inahesabiwa kwenye mzigo uliouzwa au kwenye fedha iliyokusanywa? Mzigo ukirudishwa, inakatwa? Nauli na vocha ni juu ya nani? Usipofikia lengo la mwezi, mshahara wa msingi unabaki palepale? Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa? Kwa sekta binafsi jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na anachokatwa mfanyakazi hakipaswi kuzidi nusu ya hiyo asilimia 20. Uliza kwa heshima, mwombe msimamizi majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba, kisha nenda nao nyumbani ukausome usiku huo kabla ya kutia saini.