Wito sio wa wachungaji peke yao

Jamani hili neno wito tunalitumia vibaya sana huku kwetu Moshi. Mtu anauza mitumba pale Kiboriloni, ukimuuliza habari ya huduma anakwambia aah mimi sijaitwa, niko kwenye mambo ya dunia tu, walioitwa ni wachungaji na masista. Wito kwa Mkristo ni Mungu kumwita mtu amfuate na kumhudumia jirani pale pale alipo, pamoja na hiyo kazi inayompa ugali. Maana yake ndo hiyo.

Sasa huo mgawanyo wa walioitwa na wasioitwa ni wa zamani mno. Ulaya ya kale mwenye wito alikuwa padri, mtawa, basi, mkulima na fundi walionekana wa chini kiroho, mpaka mwaka 1520 Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Ulutheri, akaandika kwamba padri, fundi viatu, mhunzi na mkulima wote ni sawa kwa ubatizo, wanapishana kazi tu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Uchagani 1893, yaani Ulutheri tunao miaka yote hii na bado fundi cherehani anajiona hana wito! Wakatoliki nao wasiseme hayo ni ya Walutheri, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulishasema 1964 kwamba walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, wanautafuta ufalme wa Mungu humo humo kwenye shughuli za dunia. Tena soma Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na hatumwi kuhubiri, anachonga mbao na kufanya kazi za dhahabu na shaba.

Wengine wanadhani kuingiza imani kazini ni kubandika mstari kwenye kioo cha kifodi, yaani daladala, au kufungulia kwaya dukani. Sio vibaya, ila kama unamfungia mkulima viazi lumbesa, gunia limejazwa kupita kipimo, halafu unamlipa gunia moja, Mithali 11:1 inakuhusu, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Ila linaloniuma zaidi ni hili la "ualimu ni wito", "unesi ni wito", mbona linatajwa mtu akidai mshahara? Wale wanafunzi sabini walitumwa na Yesu mwenyewe, na hapo hapo, Luka 10:7, akasema mtenda kazi anastahili ujira wake. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye shule, mwalimu akija kuulizia mshahara wa mwezi uliopita usimkumbushe wito, anaujua. Kumlipa kwa wakati ni wito wako wewe.