Anayekuja na dodoso si mkaguzi wa hesabu
Vijijini magharibi mwa Kenya, kuanzia Nyando hadi Migori, mgeni akija na dodoso kuuliza habari za mradi, wengi huamini ametumwa kumsaka mwizi, na kwamba jibu lisilo la sifa litamfukuza mfadhili. Hofu hiyo ina asili yake: wageni huuliza, huondoka, na ripoti haionekani tena.

Lakini kukagua hesabu ni kazi nyingine, ya risiti na taarifa za benki. Mtathmini, yaani huyo mwenye dodoso anayepima mafanikio ya mradi, huuliza nini kimebadilika, kwa nani, na kama kingebadilika hata bila mradi. Kisima kinaweza kuchimbwa kwa fedha safi kabisa, na bado akina mama wakaendelea kuteka mtoni kwa kuwa maji ya kisima ni ya chumvi. Risiti haisemi hilo. Anayebeba mtungi ndiye anayejua. Na mtathmini kuwa huru si kwamba halipwi na mfadhili (mara nyingi hulipwa naye), bali hakuendesha mradi, wala malipo yake hayategemei matokeo mazuri.

Akibisha hodi, omba kuona hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa. Uliza ripoti itarudi barazani lini, na kwa lugha gani. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako binafsi zitatumiwaje.